Vifaru Kutoka Duka la Watoto

Mchezo wa vita vya mezani ulitangulia motokaa kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1780, katika mji wa Brunswick, mwanahisabati Johann Christian Ludwig Hellwig alichapisha mchezo uliotanua ubao wa sataranji, akaujaza mito, milima na miji, na kuwaita wachezaji wawe majemadari. Mwaka 1812 mtumishi wa serikali ya Prussia, Georg Leopold von Reisswitz, alimwonyesha Mfalme Friedrich Wilhelm III meza yenye vipande vya ardhi vilivyoweza kupangwa upya. Mwaka 1824 mwanawe Georg Heinrich, ofisa wa mizinga, aliuhamishia mchezo huo kwenye ramani, na Jenerali Karl von Müffling, mkuu wa wanadhimu, akaupenda kiasi cha kutaka usambazwe jeshini. Huo ulikuwa mchezo wa maofisa. Ulihitaji ramani sahihi, mwamuzi mwenye elimu ya vita na muda mrefu. Vikosi vyake vilikuwa vipande vidogo vilivyopakwa rangi, visivyofanana na mtu wala farasi, na hakuna aliyewaza kuvitafuta katika duka la watoto.

Duka la watoto lilikuwa na historia yake, ikienda sambamba na hiyo bila kukutana nayo. Huko Nuremberg, mafundi kama Johann Gottfried Hilpert walikuwa wakisubu askari bapa wa bati tangu miaka ya 1770, na kwa zaidi ya karne moja Ujerumani ilitawala biashara hiyo. Mabadiliko yalitokea London mwaka 1893, pale William Britain mdogo alipobuni namna ya kusubu askari mwenye uwazi ndani: madini ya risasi yaliyoyeyushwa yalimiminwa katika kalibu, na kabla ya kuganda katikati yakamwagwa nje, likabaki ganda tu. Askari mmoja akatumia madini machache, bei ikashuka, na familia ya tabaka la kati Uingereza ikaweza kununua kikosi kizima. Kwa maoni yangu, historia yote inayofuata imejengwa juu ya jambo hilo. Kila mara mchezo wa vita ulipopiga hatua, kuna bidhaa ya mtoto iliyokuwa imeshuka bei mahali fulani, na watu wazima wakaichukua.

Waandishi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuichukua. Hata kabla ya uvumbuzi wa Britain, katika majira ya baridi ya 1881 na 1882, Robert Louis Stevenson alicheza vita virefu vya askari wa risasi na mwanawe wa kambo, Lloyd Osbourne, huko Davos, Uswisi. H. G. Wells alifuata kwa kitabu cha Floor Games mwaka 1911, kisha Little Wars mwaka 1913, ambacho ndicho kilichoweka kanuni za mchezo mikononi mwa raia wa kawaida. Kiini chake kilikuwa mzinga mdogo wa kuchezea wenye springi, uliorusha kijiti kwa nguvu ya kutosha kumwangusha askari aliyesimama upande wa pili wa chumba. Wells alipanga nyumba za mbao na karatasi sakafuni, akawa na askari wa miguu, wapanda farasi na mizinga. Magari hakuwa nayo. Jambo hili linastahili kuzingatiwa, kwa sababu mtu huyuhuyu alikuwa amechapisha mwaka 1903 hadithi ya The Land Ironclads, iliyotabiri mitambo ya chuma ikitambaa juu ya mahandaki miaka 13 kabla ya kifaru cha kwanza kuingia vitani. Kichwani mwake kifaru kilikuwepo tayari, ila sakafuni pake kilitawala kile kilichouzwa dukani.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilianza mwaka mmoja baada ya Little Wars, na katika miezi yake ya mwanzo mafundi halisi walifanya kile ambacho wachezaji wangekuja kukifanya mezani. Huko Dunkirk mwaka 1914, kikosi cha anga cha jeshi la majini la Uingereza chini ya Charles Samson kilichukua motokaa za kiraia, kikazibandika mabamba ya chuma cha boila na kuzifunga bombomu. Kabla mwaka haujaisha, Rolls-Royce za kifahari zilikuwa zimepata bodi kamili za deraya na mnara wa bunduki unaozunguka. Magari ya aina hiyo yalifika hata kwetu: mwaka 1916 yalitumika katika kampeni ya Afrika Mashariki dhidi ya majeshi ya Kijerumani ya Paul von Lettow-Vorbeck, yakipambana na mchanga, matope na miiba kuliko adui mwenyewe. Tarehe 15 Septemba mwaka huohuo, huko Somme, vifaru vya kwanza vikatoka upande wa Waingereza. Ieleweke basi kwamba gari la deraya la 1914 lilizaliwa likiwa gari la kiraia lililobadilishwa gerejini.

Amani iliyofuata ilileta kinyume cha kuchekesha. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliikataza Ujerumani kumiliki vifaru, kwa hiyo katika miaka ya 1920 na mwanzoni mwa ile ya 1930 jeshi lake lilifanya mazoezi kwa motokaa ndogo zilizovikwa mbao, turubai na bati ili zifanane na vifaru. Wanajeshi wazima, wenye sare na vyeo, walikwenda mazoezini na vifaru vya maigizo, na maofisa waliopitia mazoezi hayo ndio walioongoza vifaru vya kweli vitani kuanzia 1939. Wakati huohuo, Liverpool, kampuni ya Meccano ya Frank Hornby ilikuwa ikitafuta vitu vya kupamba stesheni za treni zake za kuchezea. Mwishoni mwa 1933 ikatoa seti ya magari sita ya chuma, na la sita lilikuwa kifaru. Mwaka 1934 bidhaa hizo zikapewa jina la Dinky Toys, na mwishoni mwa miaka ya 1930 seti za jeshi zilikuwa zikiuzwa. Kifaru cha dukani kilikuja hivyo, kama pambo la reli. Ukubwa wake, na wa vingi vilivyofuata, ulipimwa dhidi ya mabehewa, na athari za kipimo hicho zilidumu kwa miongo.

Chuma chenyewe kilikuwa na kasoro. Kampuni ya New Jersey Zinc ilikuwa imetengeneza mwaka 1929 mchanganyiko wa zinki, alumini, magnesi na shaba unaoitwa zamak, mwepesi kusubu na wenye kushika umbo vizuri. Mchanganyiko huo ukiingiliwa na risasi kidogo tu, baada ya miaka huvimba, hupasuka na kumeguka. Magari mengi ya kabla ya vita yameangamia kwa ugonjwa huo ndani ya kabati za wakusanyaji, bila kuguswa na mtoto yeyote. Vilipokuja Vita vya Pili, kiwanda cha Liverpool kiligeuzwa kutengeneza vifaa vya vita. Nje, gereji zilirudia kazi ya 1914: mwaka 1940, Uingereza ikihofia kuvamiwa, chesisi za motokaa za Standard zilivikwa chuma na mbao ngumu na kuitwa Beaverette, kwa heshima ya waziri Lord Beaverbrook.

Baada ya vita ndipo jambo kubwa lilipotokea, na lilitokea kwa sababu ndogo mno. Mwaka 1947 Leslie Smith na Rodney Smith walianzisha London kampuni ndogo ya kusubu vyuma iliyoitwa Lesney, na fundi Jack Odell akajiunga nao. Binti wa Odell alikuwa akisoma shule iliyoruhusu watoto kwenda na kitu cha kuchezea kwa sharti kimoja: kiweze kuingia ndani ya boksi la kiberiti. Baba akachonga kishindilia-barabara kidogo cha shaba nyeupe. Mwaka 1953 kampuni, iliyokuwa imepata fedha kwa kuuza zaidi ya nakala milioni moja za gari dogo la farasi la kutawazwa kwa Malkia, ilianza kuuza mfululizo wa magari ulioitwa Matchbox. Kanuni ya shule ikawa kanuni ya kiwanda. Kila gari lilipimwa kwa boksi, hata kama basi na gari dogo la mbio yalitoka yakiwa na urefu unaokaribiana. Magari ya jeshi yalikuwemo, kama Saracen la deraya mwaka 1958, na bei yake iliweza kulipwa kwa fedha ya mfukoni ya mtoto.

Miaka iliyofuata, 1957 hadi 1970, ndiyo kipindi ambacho mchezo wa watu wazima na bidhaa ya mtoto vilifungamana rasmi. Huko California, Jack Scruby, aliyekuwa akisubu askari mwenyewe, alianzisha mwaka 1957 jarida la War Game Digest, na kwa mara ya kwanza wachezaji waliotawanyika walifahamiana. Uingereza, Airfix ilikuwa imegundua tangu 1952, ilipouza jahazi la Golden Hind katika maduka ya Woolworths kwa shilingi 2, kwamba plastiki iliyopakiwa katika vipande vya kuunganisha ilikuwa na soko lisilo na mwisho. Mwaka 1959 ilitoa seti yake ya kwanza ya askari wadogo, kwa ukubwa wa watu wa reli ya kuchezea, na mwaka 1961 vikafuata vifaru vya Panther na Sherman. Austria, kampuni ya Roco iliyoanzishwa 1960 ilitoa Minitanks kwa uwiano wa 1/87, ambao nao ni uwiano wa reli. Pambo la stesheni la 1933 lilikuwa limeuachia mchezo wa vita urithi wake. Kizazi kizima kilipigana vita vya dunia kwa askari wa milimita 20 kwa sababu behewa la Hornby liliamua hivyo.

Donald Featherstone, mtaalamu wa fiziotherapia wa Southampton aliyewahi kuwa askari wa vifaru, alichapisha War Games mwaka 1962. Charles Grant alichapisha katika Meccano Magazine kanuni za vita vya kisasa ambazo mwaka 1970 zilikuwa kitabu, Battle. Wasomaji wao walikuwa na tatizo moja. Vita vya Pili vilitumia mamia ya aina za magari, na duka lilikuwa na aina chache. Mtu aliyetaka kikosi cha Jangwa la Libya au cha Normandia alilazimika kuvunja kifaru kimoja ili apate kingine. Jarida la Airfix, lililoanza 1960, lilijaa maelekezo ya namna hiyo: kata hapa, bandika kadi pale, chukua magurudumu ya lori lile, kijiti cha fremu ya plastiki kiwe mtutu. Mfano mmoja unatosha. Kifaru cha Sherman cha Airfix kikiachwa bila mnara wa mzinga, tundu likizungushiwa benchi la kadi na askari sita wakiketishwa ndani, huwa gari la kubebea askari. Mchezaji aliyefanya hivyo hakuwa akibuni. Agosti 1944, Normandia, mafundi wa Kanada chini ya amri ya Jenerali Guy Simonds waling'oa mizinga kwenye magari ya deraya ya Priest ili kusafirisha askari chini ya ulinzi wa chuma, na baadaye majeshi ya Uingereza huko Italia yaliondoa minara ya Sherman kwa kusudi hilohilo. Tofauti ni kwamba mafundi wa jeshi walihitaji kreni.

Madini ya risasi yalikuwa yakiondoka. Mwaka 1966 kampuni ya Britains iliacha kusubu askari wenye uwazi, na plastiki ikashika nafasi iliyobaki. Huko Hong Kong viwanda vilikuwa vikitoa mifuko ya wanyama, askari na magari ya plastiki kwa bei ambayo London na Nuremberg hazikuweza kuifikia. Mifuko hiyo ina nafasi yake katika historia ya michezo. Gary Gygax, huko Wisconsin, alinunua mfuko wa majitu ya ajabu ya plastiki ya bei rahisi kwa ajili ya vita vyake vya mezani, na baadhi ya majitu hayo yaliingia katika Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka 1974, na yamo hadi leo. Mbuni wa Hong Kong asiyejulikana alikisia umbo la mnyama, na mamilioni ya watu wakapigana na mnyama huyo kwa nusu karne.

Mwaka 1968 kampuni ya Mattel ya Marekani ilitoa Hot Wheels, magari 16 yenye ekseli nyembamba na magurudumu yaliyoteleza kwa kasi. Lesney ilishtuka, na mwaka 1969 ikajibu kwa mfululizo wa Superfast. Ushindani ulishusha gharama, ukaongeza wingi, na kulifanya gari la takriban 1/64 kuwa gari la kuchezea la dunia nzima. Kisha viwanda vya Uingereza vikaanguka: Dinky ilifunga kiwanda cha Liverpool mwaka 1979, Airfix ilifilisika 1981, Lesney 1982. Kalibu zilihamia Mashariki ya mbali. Jina la Matchbox liliuzwa mara kadhaa mpaka, mwaka 1997, likaangukia mikononi mwa Mattel, mshindani wake wa zamani. Kwa wafanyakazi wa London hilo lilikuwa pigo. Kwa mchezaji wa vita, gari la dola moja lilibaki la dola moja.

Filamu ndiyo iliyompa sababu mpya ya kulinunua. Mad Max ya George Miller, iliyotoka Australia mwaka 1979, na hasa ya pili yake ya 1981, zilionyesha dunia iliyokwisha mafuta, ambamo kila gari ni la kuokoteza na limefungwa chuma, miiba na silaha. Karibu na wakati huohuo Steve Jackson Games ilitoa Car Wars, na mwaka 1988 Games Workshop ya Uingereza ikatoa Dark Future. Kampuni hiyo ilikuwa imetoa Warhammer 40,000 mwaka mmoja kabla, bila kuwa na magari ya kuuza, na katika siku hizo ilithubutu kuwafundisha wasomaji wake kutengeneza kifaru kinachoelea kwa kichupa cha manukato ya kwapa. Mwaka 1988 ilitoa gari lake la kwanza la plastiki, Rhino, na polepole mafundisho ya kichupa yakapungua. Kampuni inayouza vifaru haina haraka ya kukufundisha kuviokota. Lakini jeshi lake la kubuni la Maorki liliendelea kuruhusiwa kuteka magari ya wengine na kuyafunga mabati, hivyo mlango haukufungwa kabisa.

Wakati vijana wa Games Workshop huko Nottingham wakibuni maangamizi ya kesho, Afrika ilikuwa ikipigana vita vya namna hiyo kwa kweli. Mwaka 1987 majeshi ya Chad, yakiwa juu ya pikapu za Toyota zilizofungwa bombomu na makombora ya MILAN, yalivunja vikosi vya vifaru vya Libya: Fada tarehe 2 Januari, Wadi Doum mwezi Machi. Pikapu ilikimbia jangwani kwa kasi kuliko mnara wa kifaru ulivyoweza kuzunguka. Baada ya serikali ya Siad Barre huko Somalia kuanguka Januari 1991, mitaa ya Mogadishu ilijaa magari kama hayo, mengine yakiwa yamekatwa paa, mengine yamebeba bunduki za kutungulia ndege. Picha zake zilizunguka dunia, na wachezaji wa vita vya kisasa walitambua mara moja kwamba kitu kile kilikuwa tayari kwenye rafu ya watoto. Toyota Hilux ya kuchezea ya 1/64 ilikaribia askari wadogo, na ya 1/43, ukubwa wa Dinky, iliwafaa wale wa milimita 28 ambao walikuwa wamekuwa kipimo cha kawaida. Kuna jambo la kusikitisha hapo, na wachezaji wachache hulitaja: gari lililomsumbua mama wa Mogadishu ndilo rahisi kuliko yote kulitengeneza, kwa sababu aliyelitengeneza kwa mara ya kwanza naye alikuwa na pikapu ya kawaida, chuma cha mabaki na mashine ya kuchomelea.

Kazi yenyewe imekuwa na taratibu zinazojulikana. Gari la zinki halifunguki kwa bisibisi. Chini ya tumbo lake pana vichwa vya ribiti, mara nyingi viwili, vilivyobondwa kiwandani ili kushikanisha chesisi na bodi. Fundi hupiga alama katikati ya kila kichwa ili ncha ya drili isiteleze, kisha hutoboa taratibu mpaka kichwa kilegee. Gari huachana katika bodi ya chuma, kioo, viti na chesisi yenye magurudumu. Rangi ya kiwanda huondolewa kwa dawa, kwa kuwa ni nene na huficha mistari ya milango. Kioo hutupwa, na mahali pake huwekwa wavu wa chujio la chai. Mabamba ya deraya hukatwa kutoka kadi ya plastiki, na ribiti zake ni nukta za gundi. Mtutu hutokana na kijiti cha pamba ya masikio, na turubai iliyokunjwa nyuma ni karatasi laini iliyoloweshwa gundi na maji. Baada ya praima nyeusi na rangi ya mwili, kipande cha sponji kilichochovywa kahawia huguswa kwenye kingo pekee, na hapo bati jipya huonekana limekaa mvuani miaka mingi. Wasioweza kuchonga kabisa huweza kupaka rangi, na rangi peke yake huficha asili ya gari kwa kiasi kikubwa.

Mwaka 2017 Mike Hutchinson, kupitia Osprey ya Uingereza, alichapisha Gaslands, na mwaka 2019 toleo lake lililoboreshwa. Ni mchezo wa magari yenye silaha katika dunia iliyoangamia, na tofauti na Dark Future haukuja na gari lolote ndani ya boksi. Kanuni zinamwambia mchezaji achukue Hot Wheels au Matchbox, ayafunge chochote alicho nacho, aanze. Tatizo la uwiano, yaani lori na gari dogo kulingana urefu, lilipuuzwa kwa makusudi, na hivyo boksi la kiberiti la binti wa Odell likawa kipimo rasmi cha mchezo wa watu wazima. Vikapu vya masoko ya mitumba vilivyojaa magari yaliyochubuka, ambayo mkusanyaji asingeyagusa, vikapata wateja.

Hataza kuu ya uchapaji wa plastiki kwa tabaka iliisha mwaka 2009, mashine zikashuka bei, na leo mtu aliye na printa ya pande tatu huchapa nyumbani bunduki, ngao za mbele na magurudumu ya akiba. Faili nyingi kati ya hizo zimechorwa zitoshe juu ya gari la 1/64. Gari lenyewe huchapwa mara chache. Linachukua saa nyingi mashinini, linahitaji kusuguliwa msasa, na magurudumu yake hayazunguki vizuri, ilhali dukani, kwenye ndoano iliyo usawa wa macho ya mtoto wa miaka sita, linauzwa likiwa limekamilika.